Mashairi ya makauboi si bastola

Wengi wakisikia "mashairi ya makauboi" hufikiria sinema: bastola, vumbi, majambazi. Sivyo. Ni mashairi ya wachunga ng'ombe wa Marekani kuhusu maisha yao. Tamasha lao maarufu la Elko, jimbo la Nevada, lilianza mwaka 1985, na hufanyika majira ya baridi, kazi za ranchi zinapopungua. Anayepanda jukwaani mara nyingi ni mfugaji hasa: kofia kichwani, viganja vyenye sugu za kamba, na hana karatasi. Wengi hawasomi; hughani kwa ghibu. Husimulia ukame, ndama aliyezaliwa kwenye theluji, farasi mkaidi aliyembwaga bwana wake matopeni, na hapo ukumbi mzima huvunjika mbavu. Vina vipo na mizani ipo, kwa hiyo aliyezoea shairi la Kiswahili atashika mdundo hata maneno mengine yakimpita.