Sakafu ya chini ya nyumba ya mawe: pesa inakwenda wapi?

Wiki mbili zilizopita niliitwa kwenye nyumba moja ya zamani huku Mji Mkongwe. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alinionesha chumba cha chini. Vigae vyeupe vinang'aa, havijatimiza mwaka. Akapitisha kiganja ukutani, plasta ikamwagika kama unga.

"Mwanangu, nimebadilisha sakafu, mbona ukuta ndio unaokufa?"

Unauawa na sakafu hiyohiyo, nikamwambia. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na chini hazina kitu cha kuzuia maji. Unyevu wa ardhini hupanda siku zote. Zamani ulitoka polepole kupitia sakafu ya chokaa, chumba kikabaki salama. Ukitandika nailoni, ukamwaga zege na kubandika vigae, maji yanakosa njia na kukimbilia ukutani. Huko yanapanda na chumvi, yanakauka, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma nje. Ule unga mweupe ndio shura. Nilichukua kidogo kwa ncha ya kidole nikaonja: chumvi tupu.

Sasa bei ya kung'oa sakafu kama hiyo na kurudisha ya chokaa. Kila mteja ananiuliza ni kiasi gani kwa mita ya mraba, nami siipendi hesabu hiyo kwa sababu inaficha kazi yenyewe. Chukua chumba cha mita 3 kwa 6. Vyumba vingi vya zamani havizidi upana huo wa mita 3 kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari zina urefu wake. Ukichimba sentimita 25 unapata mita za ujazo 4.5, na kifusi kikishavunjwa kinafura, kinakaribia 6. Toroli la lita 60 litakwenda safari mia moja. Gari haliingii kichochoroni, kwa hiyo kifusi kinabebwa hadi barabarani, kinapakiwa upya kwenye lori, na mawe na mchanga vinarudi kwa njia ileile. Katika kazi zangu nyingi, ujira wa kubeba umepita gharama ya vifaa vyote.

Kuchimba kwenyewe kuna hatari yake. Misingi ya kale ni mifupi, na ukuta mnene umebeba ghorofa mbili au tatu juu yako. Karibu na ukuta nachimba kipande cha mita moja, najaza, ndipo nahamia kingine. Siku zinaongezeka, na mimi siko tayari kuzipunguza hata mteja akinuna. Fundi akikuahidi kumaliza chumba kama hicho kwa siku tatu, usimpe malipo ya awali.

Vifaa vyenyewe si vya kutisha: tabaka la mawe makavu sentimita 15, juu yake chokaa na mchanga sentimita 10, kwa kipimo cha moja kwa tatu. Hiyo ni chokaa lita 600 hivi, iliyozimwa na kulowekwa vizuri, na mchanga wa ufukweni usiuguse, utakurudishia chumvi ileile. Kisha magunia mabichi juu, na kusubiri wiki kadhaa. Kama chumba ni duka, kodi ya wiki hizo iandike kwenye hesabu. Na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kishughulikie kabla ya kushika sururu.

Yule mama hana pesa ya kung'oa yote kwa mara moja. Tumekubaliana tukate zege kwenye kingo tu, ukanda wa nusu mita kuzunguka chumba, tujaze mawe na chokaa ili unyevu upate pa kutokea. Plasta ya saruji tutaibandua, shura tutaipangusa kwa brashi kavu bila tone la maji. Jumamosi tunaanza na ukuta wa upande wa bahari.