Fedha za mafunzo ya udongo zifike kabla ya mvua

Kila tani ya mahindi inayopita kwenye geti la ushuru imetoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni, achilia mbali fosforasi na potasiamu. Halmashauri inachukua chake hapohapo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa nchini Tanzania kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa mazao ya chakula, lakini kwa wilaya nyingi za wakulima bado ni sehemu kubwa ya mapato ya ndani. Kwa maneno mengine, rutuba ndiyo inayolipia madawati, zahanati na mafuta ya gari la mkurugenzi. Kinachorudi kuutunza udongo wenyewe ni kidogo, na hata hicho kidogo, kwa maoni yangu, tunakitumia vibaya.

Mafunzo yapo. Tatizo ni kwamba mara nyingi huja Mei au Juni, mwaka wa fedha ukiwa unaisha na kila idara inahangaika kumaliza kifungu chake. Wakulima wanaitwa ukumbini makao makuu ya wilaya, wanasaini mahudhurio, wanatazama picha za udongo ukutani, wanapewa soda, nauli na posho, wanarudi nyumbani. Mahindi yamekwisha kukauka shambani. Aliyeshauriwa kuweka chokaa ya kilimo hana pa kuiweka kwa miezi kadhaa, na mvua zikianza ameshasahau kiasi alichotajiwa.

Inasikitisha zaidi kwa sababu kalenda ingeweza kutusaidia. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mbeya, Songwe, Rukwa, Njombe, Iringa na Ruvuma, ambako mvua ni za msimu mmoja, mwaka wa mkulima nao unakwenda karibu hivyohivyo: mavuno yanamalizika katikati ya mwaka, kupanda ni Novemba na Desemba. Fedha zikitoka robo ya kwanza, zinakuta kazi inazisubiri.

Kazi hiyo inaanza Julai na Agosti kwa kuchukua sampuli, somo ambalo halihitaji ukumbi. Mkulima anapita shambani akikata kona, anachimba sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, anakwepa njia, vichuguu, chini ya miti na mahali palipowahi kurundikwa samadi au majivu. Udongo anauchanganya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha anatoa kama nusu kilo. Asiufunge kwenye mfuko uliobeba mbolea, maana majibu yatakuwa ya mbolea na si ya shamba. Kuanzia mwaka 2022 Wizara ya Kilimo imegawa vifaa vya kupimia afya ya udongo, na maabara zipo kwenye vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) vya Mlingano kule Muheza na Uyole Mbeya, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro. Kifaa cha mkononi kinatosha kuonyesha mwelekeo. Kijiji kinachotaka kuagiza chokaa kwa malori, nashauri kipeleke sampuli chache maabara kwanza.

Septemba na Oktoba ni miezi ya majibu. Udongo wenye pH, yaani kipimo cha tindikali, chini ya 5.5 una tindikali ya kutosha kuyeyusha alumini inayodumaza mizizi, na fosforasi inashikwa isifikie mmea. Mkulima amenunua DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, hata kama ni ya ruzuku, lakini mahindi machanga yanageuka zambarau na jirani anamwambia ameuziwa mbolea feki. Mbolea feki zipo, sikatai. Ila mara nyingi mbolea ni nzima na udongo ndio umeikamata. Dawa yake ni chokaa, inayochanganywa na udongo wakati wa kulima, wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Baada ya hapo ni shamba darasa hadi mavuno. Kipande kimoja kinalimwa kama kawaida ya kijiji, kingine kinapata chokaa na mbolea, cha tatu samadi na mbolea, mahindi yakichanganywa na maharage. Juni mavuno yanapimwa kwa mizani mbele ya watu. Utaratibu huu ulianzia mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989 chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 FAO na IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, waliujaribu Kenya, Uganda na kwetu Kagera, wakaongeza jambo ambalo halmashauri zetu zingefaa kuliiga: ruzuku iliingia kwenye akaunti ya kikundi, na wakulima ndio waliomlipa mwezeshaji. Bwana shamba asiyetokea hapati kitu. Utafiti uliofuata katika nchi hizo tatu ulionyesha kuwa wanawake na wenye elimu ndogo walinufaika zaidi.

Gharama zake ni mbegu, chokaa, upimaji wa sampuli, daftari na mafuta ya pikipiki ya afisa ugani. Ombi linaanzia mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, linapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo lifike halmashauri. Kijiji kinachotaka fedha za Julai kihakikishe limo kwenye muhtasari wa mkutano wa Oktoba au Novemba mwaka uliotangulia. Na liandikwe kwa jina lake: shamba darasa la udongo, kitongoji fulani, sampuli kadhaa, tani kadhaa za chokaa. Ukiandika "mafunzo ya kilimo" tu, umewafungulia watu ukumbi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu isiguswe kwa mafunzo, kwa kuwa ni mkopo unaorejeshwa. Kikundi kilichohitimu kinaweza kuuomba ili kiuze chokaa kijijini.

Diwani akiletewa taarifa ya matumizi, karatasi ya mahudhurio haimtoshi. Aulize pH ilikuwa ngapi, kila kipande kilitoa magunia mangapi, na majirani wangapi wameweka chokaa msimu uliofuata.

Kagera, Kilimanjaro na Tanga, zenye vuli na masika, hesabu ni tofauti kidogo. Huko maandalizi ya vuli yanaanza Agosti na Septemba, na fedha za mwaka mpya huenda zisiwahi. Hapo ile haraka ya Juni inaweza kuwa na faida: chokaa haiozi, inunuliwe kabla ya mwaka kufungwa, ikae ghalani pakavu.