Boti ya kufuta ujumbe kwenye chaneli moja: maana yake

Boti ni programu inayoingia kwenye chati kama mwanachama, ina jina na picha yake, ila nyuma yake hakuna mtu bali kodi inayosubiri jambo litokee. Kwenye Discord, programu ya kuchatia, seva moja (yaani kundi moja la watu) huwa na chaneli nyingi: ya matangazo, ya maswali, ya picha, ya soga. Boti tunayoizungumzia ni ile iliyoagizwa kufuta ujumbe kwenye chaneli moja tu na kutogusa nyingine. Hufaa sana kwenye chaneli ya picha, ambako maongezi huzifukia picha zenyewe.

Kufuta ni kazi nyepesi. Kigumu ni kuizuia boti isifute pengine. Kwa lugha ya JavaScript na maktaba ya discord.js (kodi iliyoandikwa tayari), kiini chake ni hiki:

client.on('messageCreate', async (message) => {
  if (message.channelId !== 'NAMBA_YA_CHANELI') return;
  if (message.author.bot) return;
  if (message.attachments.size > 0) return;
  await message.delete();
});

Kila ujumbe mpya ukiingia, boti hupewa taarifa. Kama haukutoka kwenye chaneli husika, inaacha hapo hapo. Ujumbe wa boti nyingine inauruka, na wenye kiambatisho (picha au faili) inauacha. Unaobaki ndio unaofutwa.

Tumia namba ya chaneli, usitumie jina. Admini anaweza kubadilisha jina wakati wowote, na Discord inaruhusu chaneli mbili zenye jina moja. Namba unaipata kwa kuwasha hali ya wasanidi (Developer Mode) kwenye mipangilio, kisha unabofya chaneli kwa kitufe cha kulia na kuinakili. Iandike ndani ya alama za nukuu! Namba hizi zina tarakimu 17 hadi 19, na JavaScript huhesabu kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu, yaani tarakimu 16. Bila nukuu, tarakimu za mwisho zinaweza kuvurugika. Na hata zisipovurugika, alama ya !== haitakubali kwamba namba na maandishi ni kitu kimoja. Boti itakaa kimya, bila kuonyesha kosa lolote.

Hatari kubwa zaidi ni nyingine. Tangu 2022 Discord inataka boti iombe kibali maalumu cha kusoma yaliyomo kwenye ujumbe, kiitwacho Message Content Intent. Unakiwasha kwenye ukurasa wa wasanidi na kukitaja kwenye kodi pia. Usipokitaja, ujumbe humfikia boti ukiwa mtupu, na viambatisho navyo havionekani. Kwa kodi ya hapo juu, maana yake ni kwamba kila picha itahesabiwa kuwa haipo na itafutwa. Chaneli ya picha itafagiliwa picha zote, na kilichofutwa hakirudi.

Kuna kizuizi cha pili, nami ndicho ninachokiamini kuliko kodi: ruhusa ya Manage Messages, yaani ya kufuta ujumbe wa wengine. Usiipe boti ruhusa hiyo kwa seva nzima. Fungua mipangilio ya chaneli husika uipe humo tu. Hata ukikosea kodi, Discord yenyewe itakataa kufuta kwingine na kurudisha kosa namba 50013. Ila ukiipa boti uadmini kamili, kizuizi hiki hakifanyi kazi tena, kwa sababu admini huruka mipaka ya chaneli.

Kwa ujumbe wa zamani kuna amri ya bulkDelete. Hufuta hadi 100 kwa mkupuo, lakini si ule uliopita wiki mbili. Wa nyuma ya hapo hufutwa mmoja mmoja, tena polepole, kwani Discord huwekea kikomo idadi ya maombi.

Kabla ya kuiwasha kwa watu, weka console.log (amri ya kuandika taarifa kwenye skrini ya kodi) mahali pa message.delete() na uiache siku moja. Utaona ni ujumbe upi ungefutwa.