Gemu za kukimbia bila kikomo ni gemu za namna gani?

Gemu ya kukimbia bila kikomo ni ile ambayo mhusika anakimbia mwenyewe tangu sekunde ya kwanza, na mchezaji hana namna ya kumsimamisha. Kazi ya mchezaji ni kukwepa tu: kuruka, kuinama, kuhama upande. Hakuna mstari wa kumalizia wala adui mkuu anayesubiri mwishoni. Njia inazidi kujitandaza mbele mpaka mhusika ajigonge mahali, na hapo ndipo alama zinapohesabiwa. Kwa maneno mengine, hakuna kushinda. Kuna kuchelewa kushindwa. Ukishalijua hilo, mengi kuhusu gemu hizi yanajieleza.

Iliyozipa sura tunayoijua leo ni Canabalt ya mwaka 2009, kazi ya Adam Saltsman wa Marekani. Mtu aliyevaa suti anakimbia juu ya mapaa ya mji unaobomoka; ukigusa skrini anaruka, basi, hakuna kingine cha kujifunza. Akijikwaa kwenye masanduku mwendo unapungua, na wachezaji wazoefu hujikwaa makusudi kwa sababu mwendo ukizidi sana muda wa kuamua lini uruke unakuwa mfupi mno. Mwaka 2012 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, liliitia katika mkusanyiko wake. Kufikia wakati huo Temple Run ya Imangi Studios, iliyotoka 2011, ilikuwa imeshahamishia kamera nyuma ya mgongo wa mkimbiaji, na 2012 hiyo hiyo ikaingia Subway Surfers kutoka Denmark, yenye reli tatu na mlinzi anayemfukuza kijana. Mwaka 2018 ikawa gemu ya kwanza kupakuliwa mara bilioni 1 kwenye Google Play.

Njia hiyo isiyoisha inatoka wapi? Hakuna aliyeichora yote. Wabunifu hutengeneza vipande vifupi vifupi, kila kimoja na vizuizi vyake, kisha programu inaviunga kwa bahati nasibu wakati unacheza. Kipande ulichokwisha kukipita hakitupwi: kinachukuliwa nyuma yako na kuwekwa tena mbele kikiwa na mpangilio mwingine, ili kumbukumbu ya simu isijae. Katika baadhi ya gemu hizi mkimbiaji hata haendi popote. Amesimama pale pale akichezesha miguu, ulimwengu ndio unaomjia, kama mtu aliye juu ya mashine ya mazoezi ya kukimbia. Sababu ni ya kihesabu: mhusika akisogea mbali mno kutoka sehemu alipoanzia, tarakimu za mahali alipo zinakuwa kubwa, simu inapoteza usahihi kwenye desimali, na picha zinaanza kutetemeka.

Bahati nasibu hiyo lakini ina mipaka. Programu haiachiwi kuziba reli zote tatu kwa treni kwa wakati mmoja, wala kuweka shimo mahali ambapo mkimbiaji ndiyo kwanza anatua. Mara nyingi hata eneo linalohesabiwa kuwa umegonga huwa dogo kuliko picha ya kizuizi, ndiyo maana bega linaweza kuonekana limepita ndani ya ukuta na mbio zikaendelea. Kwangu mimi hapa ndipo gemu nzuri inapoachana na mbovu. Mchezaji akifa inabidi aseme "nimechelewa", asiseme "nimeonewa". Akijiona ameonewa mara mbili tatu, anaifuta.

Ugumu wenyewe unaletwa na mwendokasi. Tuseme unaona mita 30 mbele yako. Ukienda mita 10 kwa sekunde, una sekunde 3 za kuamua. Mwendo ukiongezeka maradufu, una sekunde moja na nusu. Vizuizi ni vile vile, muda ndio umeliwa. Kwa kawaida mwendo huongezeka kidogo kidogo halafu ukafika kiwango usichokivuka, maana macho na vidole vya binadamu vina ukomo wake.

Kwenye skrini ya kugusa, dole gumba moja linatosha. Katika Subway Surfers unatelezesha kidole juu kuruka, chini kubiringika, kando kubadili reli. Mtazame aliyebobea: amesharuka kizuizi, yuko hewani, anaona kipingamizi kingine cha kupitwa chini yake. Hangoji kutua. Anatelezesha kidole chini hapo hapo hewani, kijana anashuka kwa kishindo na kubiringika kwa mpigo mmoja.

Nyingi ni za bure, na pesa inatafutwa penye uchungu. Umegonga treni ukiwa karibu kabisa kuivunja rekodi yako. Kinatokea kitufe kinachokupa sekunde chache za kuamua: lipa ufunguo, unaookotwa au kununuliwa ndani ya gemu, ufufuke, au tazama tangazo. Katika Subway Surfers idadi ya funguo inaongezeka maradufu kila unapofufuka ndani ya mbio zile zile. Sioni wizi hapo, ila ni vizuri kujua kwamba wakati huo haukuchaguliwa kwa bahati. Dinosaria wa kivinjari cha Chrome, aliyeanza 2014 na hujitokeza intaneti inapokatika, hana sarafu wala wa kumfufua: akigonga mpungate, mnaanza upya.

Si kila gemu ya mtu anayekimbia mwenyewe ni ya aina hii. Super Mario Run ya 2016 inamkimbiza Mario bila kusubiri amri, lakini kila hatua ina mwisho wake, kwa hiyo haimo. Flappy Bird ya 2013 inabishaniwa kwa kuwa ndege hakimbii. Mimi naiingiza: anasonga mwenyewe, mabomba hayaishi, na kinachohesabiwa ni umefika wapi kabla ya kuanguka.