Programu dhibiti ya ruta ni nini, na kwa nini Wi-Fi husumbua baada ya kuisasisha

Ruta iliyokaa juu ya kabati sebuleni ni kompyuta kamili, ila haina kioo wala kibodi. Ina kichakataji, ina kumbukumbu, na mara nyingi inaendeshwa na Linux. Programu inayoielekeza tangu inapowashwa, yaani irushe mawimbi vipi, igawe anwani vipi, impokee nani na imkatae nani, ndiyo programu dhibiti. Ruta nyingi zinazouzwa Bukavu zina menyu ya Kifaransa, kwa hiyo humo utaikuta kwa jina la micrologiciel, na kuibadilisha kunaitwa mise à jour. Makao yake ni chipu ya flashi, ambayo kwenye ruta za bei ya chini mara nyingi ni ya megabaiti 8 au 16 tu. Picha chache za simu zinatosha kuijaza.

Ndani ya chipu hiyo hiyo kuna kipande kingine kidogo, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kipande hicho kinashika mipangilio yako: jina la Wi-Fi, nenosiri, APN ya laini (jina la lango ambalo ruta hupitia kufika kwenye intaneti ya kampuni ya simu), na jina la mteja ulilopewa na kampuni ya intaneti. Programu ni ya kiwanda, mipangilio ni yako. Mise à jour inabadilisha ile ya kwanza na kwa kawaida inaiacha hii ya pili mahali pake. Ni kama mlinzi mpya wa kiwanja anayekabidhiwa daftari la mlinzi aliyeondoka: majina ya wageni yote yamo, lakini alama nyingine anazisoma kwa namna yake, na nyingine anaziruka kabisa. Mtu husema mise à jour imeua ruta, kumbe ruta ni nzima. Kilichovurugika ni maandishi. Halafu anakimbilia tundu la reset na sindano, anabonyeza sekunde kumi, na anafuta nakala pekee ya APN aliyokuwa nayo.

Kabla ya sindano, kuna swali moja ambalo fundi mzuri wa pale Nyawera ataanza nalo: «Papa, jina la Wi-Fi linaonekana kwenye simu?» Jibu la swali hilo linapunguza kazi kwa nusu.

Kama halionekani, tatizo liko kwenye mawimbi. Pengine jina limerudi kuwa la kiwandani, lile lililobandikwa chini ya ruta, na wewe unatafuta lile la familia. Pengine ruta ilikuwa na majina mawili, moja la masafa ya gigahezi 2.4 na jingine la masafa ya gigahezi 5, na programu mpya imeyaunganisha kuwa moja. Gigahezi 5 ina tabia nyingine pia: kwenye chaneli za 52 hadi 144 ruta inatakiwa isikilize kwanza kama kuna rada, walau sekunde 60, kabla ya kurusha chochote. Aliyeiwasha na kukata tamaa baada ya nusu dakika hakuipa nafasi. Kisha kuna chaneli 12 na 13 za gigahezi 2.4. Zinaruhusiwa sehemu kubwa ya dunia, lakini vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi huishia chaneli 11. Ruta ikijichagulia 13 baada ya mise à jour, simu ya okazyo (iliyokwisha kutumika) iliyotoka huko inaweza isione kitu, wakati simu ya jirani yake kwenye kochi inaona vizuri kabisa.

Mara nyingi zaidi jibu huwa: «Linaonekana, mwanangu, lakini linakataa.» Hapo angalia usalama. Wi-Fi hulindwa kwa mifumo ya usalama: WPA2 ni ya mwaka 2004, na WPA3 ilikuja mwaka 2018. Programu mpya hupenda kupandisha ulinzi hadi WPA3, na simu ya zamani au printa ya ofisini haijui lugha hiyo. Ndani ya menyu chagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, au WPA2 yenye AES kama mchanganyiko nao unaleta taabu. Usishuke hadi WEP, mfumo wa zamani ulio dhaifu, na usiache mtandao wazi hata kwa siku moja. Mega zako zitaishia kwa watoto wa mtaa mzima. Kwenye simu yenyewe, amuru isahau mtandao huo kisha uingize nenosiri upya, maana simu nayo hushikilia kumbukumbu za zamani.

Kesi ya tatu ndiyo inayochosha: simu imeunganishwa, alama ya Wi-Fi imejaa, intaneti hakuna. Fungua 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari (anwani sahihi imeandikwa chini ya ruta). Ukurasa ukifunguka, njia ya ndani ya nyumba ni salama, na shida iko kati ya ruta na kampuni. Usipofunguka, na kompyuta ikaonyesha anwani inayoanza na 169.254, basi kompyuta haikugawiwa anwani yoyote na imejipa yenyewe. Zima ruta, subiri kidogo, washa tena. Isiposaidia, hakikisha sehemu ya DHCP, ile inayogawa anwani, haikuzimwa.

Kwa ruta za laini ya simu, ambazo ndizo zimejaa mjini, mtuhumiwa wa kwanza ni APN. Herufi moja ikipotea, ruta inashika mnara lakini haipitishi data. Wanaokaa karibu na Ruzizi wana mtuhumiwa mwingine: mawimbi ya upande wa Rwanda yanavuka mto bila kuonyesha pasipoti. Kama ulikuwa umeichagulia ruta mtandao kwa mkono, mise à jour inaweza kurudisha uchaguzi kuwa wa moja kwa moja, na pale ambapo mnara wa nyumbani ni dhaifu, ruta inaangukia wa ng'ambo. Rominga (kutumia mtandao wa nchi nyingine) ikiwa imezimwa, utaona mistari ya mawimbi bila intaneti. Ikiwa imewashwa, utaona bili. Na kabla ya kulaumu chochote, angalia kama forfe, yaani kifurushi cha intaneti, haijaisha.

Intaneti ya kukatikakatika ni habari nyingine. Kadutu, nyumba zimepandana mlimani na kila ukuta una Wi-Fi nyuma yake. Programu mpya ikirudisha upana wa chaneli kuwa megahezi 40 kwenye gigahezi 2.4, ruta yako inagongana na za majirani wote. Weka 20, kisha chagua 1, 6 au 11, ile yenye msongamano mdogo. Hizo tatu haziingiliani.

Kuna ajali moja ambayo kweli huharibu ruta: umeme kukatika katikati ya kuandika programu. Chipu inabaki na nusu ya programu, taa zinamulika bila mpango, na ukurasa haufunguki. Ruta nyingine zina nakala ya pili ya akiba. Nyingine fundi anaweza kuzifufua kwa kebo na kompyuta, kupitia kile kiprogramu kidogo cha kuanzishia ambacho mise à jour ya kawaida haikigusi. Mimi ningefanya kazi hii kwa betri tu, na kwa kebo, si kwa Wi-Fi. Ruta nyingi hutumia volti 12, nyingine 9 au 5, kwa hiyo soma lebo ya chaja. Angalia pia kwamba betri ya sola inapochajiwa hupanda hadi volti 14 hivi, usiichomeke moja kwa moja bila kifaa cha kusawazisha. Linganisha pia programu unayoiweka na toleo la ruta yenyewe: programu ya V2 si ya V3, hata kama boksi linafanana.

Wapo wanaosema afadhali kutosasisha kabisa. Mwaka 2017 watafiti wa KU Leuven, Ubelgiji, walionyesha udhaifu wa WPA2 ulioitwa KRACK, na watengenezaji wakalazimika kutoa marekebisho. Mwaka 2018 programu haribifu ya VPNFilter ilikutwa kwenye vifaa visivyopungua 500,000, vingi vyao ruta za nyumbani. Ruta isiyosasishwa haikulalamikii. Inatumikia wengine kimyakimya.

Kama yote yamegonga mwamba, basi chukua sindano. Lakini kwanza piga picha kurasa za APN, jina la mteja na Wi-Fi, au omba taarifa hizo kwa kampuni yako. Baada ya reset ziandike kwa mkono, usirudishe faili la akiba la programu ya zamani, kwa sababu linaweza kurudisha ugonjwa ule ule. Na nenosiri la kuingilia kwenye menyu lisibaki admin.