Je, mcheza gemu ni mwanariadha? Jibu haliko kwenye kalori

Swali lilianzia Ujiji, Kigoma, barazani. Mzee wa nyumba ya jirani alikuwa anacheza bao, amemaliza namua, hatua ya kwanza, kete zake 22 za mkononi zimeshaingia ubaoni, na mtaji, hatua ya pili, ndio kwanza umeanza. Mpwa wangu, ambaye jioni zake nyingi huishia kwenye banda la gemu kule Mwanga, alikuwa pembeni anatazama. Akaniuliza, "Mjomba, mtu anayecheza gemu kwenye mashindano na kulipwa, naye ni mwanariadha kama wale wa mbio?"

Nikamjibu papo hapo: ndiyo, tena ushahidi upo, maana bingwa wa sataranji huchoma kalori 6,000 kwa siku akiwa amekaa kitini. Mzee akainua macho kutoka kwenye mashimo. "Kalori 6,000 za nini, mwanangu? Mimi nacheza tangu alasiri, hata shati halijalowa." Nikamhakikishia kwamba habari hiyo imeandikwa na watu wa utafiti.

Mzee alikuwa na haki ya kushangaa. Namba hiyo niliirudia kwa watu wengi kabla ya kukaa chini na kuipigia hesabu, na nilipoipigia haikusimama. Swali la mpwa wangu lina jibu zuri, ila nilikuwa nalitafuta mahali pasipo pake.

Habari ya kalori 6,000 ilienea mwaka 2019 kupitia makala ya ESPN iliyomtaja Robert Sapolsky, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford anayechunguza namna msongo unavyoathiri mwili. Makadirio yake yaliegemea mambo matatu: kasi ya kupumua, iliyosemekana kuongezeka mara tatu wakati wa mashindano, shinikizo la damu linalopanda, na misuli inayokaza. Kuna pia kisa kinachosimuliwa sana cha Anatoly Karpov na Garry Kasparov, waliokutana Moscow kugombea ubingwa wa dunia. Pambano lilianza Septemba 1984, likavunjwa Februari 1985 baada ya michezo 48 bila mshindi kupatikana, na inaelezwa kwamba Karpov alikuwa amepungua kilo 10 hivi.

Ukisikia hayo yote kwa pamoja unaamini. Sasa tuyapime. Mtu anayekimbia marathoni, kilomita 42, hutumia kati ya kalori 2,500 na 3,000. Kalori 6,000 ni marathoni mbili: ni kama kutoka Kigoma mjini mbio na kuikaribia Kasulu. Hata ukiondoa zile 2,000 ambazo mwili huzitumia kwa siku ili tu uwe hai, zinabaki 4,000, bado zaidi ya marathoni moja. Mcheza sataranji angeifanya kazi hiyo leo, kesho na keshokutwa, maana mashindano makubwa huchukua siku tisa na zaidi. Wanaofikia 6,000 kweli ni kama waendesha baiskeli wa Tour de France siku za milima mikali, nao hula mchana kutwa wakiwa juu ya baiskeli.

Kilo 10 za Karpov nazo zina hesabu yake. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwa hiyo kilo 10 ni 77,000. Zigawanye kwa siku 150 za pambano lile, unapata kalori 500 na kidogo kwa siku. Huo ni mlo mmoja ulioachwa. Mtu asiyelala vizuri, tumbo limefunga kwa wasiwasi, sahani anairudisha nusu, atapungua kiasi hicho bila mwili wake kuchoma chochote cha ajabu. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa Karpov, lakini maelezo hayo yanatosha, na hayahitaji marathoni mbili kwa siku.

Kosa limeingilia wapi basi? Hapa ndipo jambo hili linaponivutia zaidi, kwa sababu moyo wa mchezaji kweli unaenda mbio. Hilo si uongo.

Nenda Kibirizi asubuhi, pale boti za abiria zinapopakia kwenda vijiji vya mwambao wa ziwa. Boti imefungwa ufukweni, injini imewashwa, haijatiwa gia. Nahodha akiikanyagia, mlio unapanda, moshi unatoka, mbao zinatetemeka chini ya miguu. Kwa masikio tu ungedhani safari imeshaiva. Lakini propela haisukumi kitu, na mafuta yanayokwenda hapo ni kidogo ukilinganisha na saa ile boti imejaa magunia na watu na inapanda mawimbi. Mlio wa injini unaweza kufanana katika hali zote mbili. Tofauti ni mzigo.

Moyo wa mkimbiaji unapiga haraka kwa sababu misuli ya miguu inadai oksijeni. Mzigo upo, na moyo unauhudumia. Moyo wa mcheza sataranji, wa mcheza bao, wa kijana aliyeshika pedi ya gemu dakika ya mwisho mabao yakiwa sawa, unapiga haraka kwa sababu adrenalini imemwagika kwenye damu na kuuambia mwili ujiandae kwa kazi. Mwili unajiandaa. Kazi yenyewe, ya miguu na mgongo na mapaja, haiji. Pumzi nayo ni hivyo hivyo: ukipumua haraka bila misuli kutumia oksijeni, sehemu kubwa ya oksijeni ile unaitoa tena nje kama ilivyoingia.

Ndiyo maana vifaa vya mkononi vinavyokadiria kalori kwa mapigo ya moyo hudanganyika hapa. Mwaka 2018 kampuni ya Polar, inayotengeneza vifaa hivyo, ilimfuatilia Mikhail Antipov, gwiji kijana wa sataranji kutoka Urusi, na ikatoa hesabu ya kalori 560 kwa saa mbili. Lakini kifaa cha namna hiyo kinasikiliza mapigo, kisha kinakisia mzigo kana kwamba mtu anakimbia. Ni sawa na kukaa nyumbani Kibirizi na kukadiria magunia ya dagaa yaliyopakiwa kwa kusikiliza mlio wa injini. Njia ya kuaminika zaidi ni kumvisha mtu barakoa na kupima oksijeni anayoitumia.

Na ubongo je? Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyetulia. Watu husikia hivyo wakahitimisha kwamba ukifikiri sana, ulaji huo utapaa. Haupai. Fikiria friji ya duka la soda. Usiku kucha duka limefungwa, friji inanguruma na umeme wa LUKU unashuka. Asubuhi wateja wakifungua mlango mara kwa mara, umeme unaongezeka kidogo, lakini sehemu kubwa ya bili ni ile ya kuiweka friji baridi hata kama hakuna mteja. Ubongo uko hivyo: gharama kubwa ni ya kukaa tayari, na nyongeza ya kufikiri kwa bidii ni ndogo.

Nisieleweke kwamba mwili wa mchezaji umepumzika. Ingo Froböse wa chuo kikuu cha michezo cha Cologne, Ujerumani, amesema wachezaji bora wa gemu hufikisha miguso 400 kwa dakika kwa mikono yote miwili, mapigo ya moyo 160 hadi 180, na homoni ya msongo kwa kiwango cha madereva wa magari ya mashindano. Miguso hiyo inahesabika, kwa sababu kompyuta yenyewe huiandika. Kwa mapigo na homoni ningetaka vipimo zaidi kutoka kwa wachezaji wengi zaidi kabla ya kuvibeba kama nilivyobeba kalori 6,000.

Tuseme sasa kalori tumeziweka kando. Je, dai kwamba gemu ni mchezo linaanguka? Hapana, na ushahidi ni ulengaji shabaha, ambao ulikuwemo kwenye Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens 1896. Mlengaji anapambana ili mwili wake utulie. Dawa zinazopunguza kasi ya moyo, zile ambazo wengine huandikiwa kwa shinikizo la damu, zimepigwa marufuku katika mchezo huo, kwa sababu moyo uliotulia humsaidia kutotikisika. Huyu ni mshindani wa Olimpiki ambaye kwake moyo kwenda mbio ni hasara. Hakuna anayemwuliza ametoka jasho kiasi gani.

Kwa hiyo kinachoamua ni nini? Kinachoamua ni nani anauliza, na anauliza ili afanye nini.

Marekani inauliza mlangoni. Ina viza maalumu kwa wanamichezo wa kimataifa, na mwaka 2013 Danny Le, Mkanada aliyekuwa akicheza League of Legends, gemu ya kompyuta ya timu, aliipata. Kwa uhamiaji wa Marekani, yeye ni mwanamichezo.

Korea Kusini inauliza jeshini. Kijana wa kiume hulitumikia jeshi kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na medali ya dhahabu ya Michezo ya Asia humpa msamaha, akibakiwa na mafunzo mafupi na saa za huduma kwa jamii. Michezo hiyo ilipofanyika Hangzhou, China, mwaka 2023, gemu zilitoa medali rasmi kwa mara ya kwanza. Korea Kusini ikachukua dhahabu ya League of Legends, na kikosi chake, akiwemo Lee Sang-hyeok anayejulikana kama Faker, kikapata msamaha uleule wanaopata wachezaji wa mpira.

Ulaya imeuliza kwenye kodi, na jibu likawa kinyume. Chama cha briji cha Uingereza (briji ni mchezo wa karata) kilitaka ada za mashindano yake zisitozwe VAT, kwa kuwa michezo ina msamaha. Juni 2017 mshauri wa sheria wa Mahakama ya Ulaya alipendekeza briji ikubaliwe. Oktoba mwaka huohuo mahakama yenyewe ikakataa: mchezo ambao sehemu yake ya mwili ni ndogo mno hauingii kwenye msamaha ule.

Lakini Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa imeshalitambua shirikisho la sataranji, FIDE, tangu 1999, na briji nayo vilevile. Kutambuliwa huko kunakuja na kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli. Mwaka 2019 Geir Helgemo, aliyekuwa namba moja duniani kwa briji, alifungiwa baada ya kukutwa na testosteroni ya kutengenezwa. Huyo ni mtu wa karata, amefungiwa kwa kanuni zilezile zinazowafungia wanyanyua vitu vizito, na mchezo wake kwa kodi ya Ulaya si michezo.

Kuhusu "kulipwa" hakuna ubishi mrefu. Mashindano ya dunia ya gemu ya Dota 2 ya mwaka 2021 yalikuwa na zawadi inayozidi dola milioni 40.

Nikarudi barazani na jibu jipya, na safari hii nilianza na neno lenyewe. Mpwa wangu alikuwa ameuliza kuhusu mwanariadha, na riadha kwetu ni mbio, miruko na mitupo. Huko mcheza gemu hayumo, kama vile mcheza mpira asivyokuwemo, na hakuna anayeona mcheza mpira amevunjiwa heshima. Mwanamichezo ni neno pana zaidi, lina nafasi ya mpira na bao pia. Nikamwambia: mwanariadha, hapana, mwanamichezo, kwangu ndiyo, ukishakuwa na mazoezi, kanuni na mashindano. Mzee akasema hilo angeniambia yeye siku ile ile kama ningemwuliza.

Nilimweleza kijana na jambo moja zaidi, kuhusu Jian Zihao wa China, mcheza League of Legends aitwaye Uzi, aliyetangaza kustaafu Juni 2020 akiwa na miaka 23. Alitaja kisukari aina ya pili, kukesha, kula ovyo na maumivu ya mkono, ingawa baadaye alirudi kucheza. Mpwa wangu hakusema kitu. Alikunja kiganja cha kulia, akakikunjua, akakizungusha taratibu mpaka kifundo kikalia.

"Kinalia hivyo tangu lini?" mzee akamwuliza.

"Tangu likizo, babu."

Mzee akasogeza ubao kando, akamwambia alete mkono auone.