Mwendelezo: maana yake kwa anayetaka kuanza kusoma X-Men leo

Mwendelezo, kwa wasomaji wa katuni za mashujaa za Marekani, ni makubaliano kwamba lililompata mhusika katika toleo la zamani limempata kweli, na kwamba mwandishi atakayekuja baadaye, hata kama hakuwa amezaliwa toleo hilo lilipotoka, atalihesabu kuwa sehemu ya maisha ya mhusika huyo. Hadithi za magazetini tulizozizoea, zenye neno "itaendelea" chini ya ukurasa, huwa na mtunzi mmoja na siku moja hufika mwisho. X-Men, kundi la mashujaa wanaozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, lilianzishwa na Stan Lee na Jack Kirby katika kampuni ya Marvel mwaka 1963, na hadithi yao bado inaandikwa na watu wengine. Kwa hiyo anayetamani kuanza leo hujiona amechelewa kwa miaka sitini, na swali lake la kwanza huwa ni asome matoleo mangapi ndipo aelewe. Swali hilo hutokana na kuielewa vibaya dhana yenyewe, na kwa kuwa limewakatisha tamaa watu wengi ambao wangezipenda hadithi hizi, inafaa dhana ifafanuliwe taratibu.

Tumchukue Ororo Munroe, anayejulikana zaidi kwa jina la Storm, mwanamke anayeamuru mvua na radi. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1975 katika toleo maalumu liitwalo Giant-Size X-Men, lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Humo yuko Kenya, watu walioteswa na ukame wanamwomba mvua kama mungu, naye anawapa. Hatuelezwi ametoka wapi. Maelezo yalikuja mwaka uliofuata, katika toleo la 102 la X-Men, wakati kalamu ilikuwa imeshashikwa na Chris Claremont: katikati ya pambano ndani ya ngome moja huko Ireland, Storm anahisi kuta zinamsonga, anashindwa kusogea, anajikunyata akitetemeka, na ndipo picha zinaturudisha Cairo wakati wa vita vya Suez vya 1956, siku ndege ilipoiangukia nyumba yao na mtoto Ororo akafukiwa na kifusi pamoja na maiti ya mama yake, Mkenya aliyeolewa na mpiga picha wa habari wa Kimarekani. Alipookoka akawa mwizi mdogo katika mitaa ya Cairo, kisha akatembea kuelekea kusini hadi nyanda za Serengeti. Tangu siku hiyo, mwandishi yeyote anayemfungia Storm katika pango au chumba chembamba anajua kitakachotokea, na msomaji naye anajua. Huo ndio mwendelezo, na anayeukosa hapotezi uwezo wa kufuata hadithi; anachokosa ni ule mshtuko wa moyo anaoupata yule anayeukumbuka mkono wa mtoto kwenye kifusi.

Tena waandishi wenyewe hawakutegemea kwamba kila mtu angekuwa amesoma yote. Katuni hizi ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti, na mnunuzi aliweza kulikosa toleo la mwezi mmoja bila njia ya kulipata tena. Ndiyo sababu ukifungua matoleo ya miaka hiyo utaona kinyota kidogo kandokando ya maneno ya mhusika, na chini ya picha kijisanduku chenye kinyota kama hicho, ambamo mhariri anataja toleo ambamo jambo hilo lilitokea. Ndiyo sababu pia wahusika wa Claremont hueleza nguvu zao upya karibu kila mwezi. Kwa anayesoma matoleo kumi mfululizo jambo hilo huchosha, lakini ni ushahidi kwamba mlango uliachwa wazi kwa makusudi.

Mwendelezo una ugumu wake, na ugumu mkubwa kabisa ni umri. Kitty Pryde aliingia katika hadithi mwaka 1980 akiwa na miaka kumi na tatu na nusu, na hadi leo ni mwanamke kijana. Wasomaji wamekubali kwamba ndani ya Marvel muda hutambaa, yaani miaka mingi ya kwetu huwa michache kwao, na kwamba matukio ya zamani husogezwa mbele pamoja nao. Hivyo vita vya Suez haviwezi kubaki na mwaka wake, maana Storm angekuwa bibi. Ndege, kifusi na hofu hubaki, mwaka ukaachwa ufifie. Kwa mashujaa ambao maisha yao yalifungamana na vita vya Vietnam, Marvel ilibuni mwaka 2019 vita vya kubuni katika nchi ya kubuni iitwayo Siancong. Lakini Magneto, hasimu mkuu wa X-Men, hakusogezwa. Yeye alinusurika katika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na waandishi wameuacha mwaka wake ulipo, wakitumia hadithi ya 1974 iliyomrudisha uchanga, na nyingine iliyomrejesha ujana, kueleza kwa nini hajazeeka. Naona walifanya haki, kwa kuwa Auschwitz haihamishiki.

Ugumu wa pili ni kubadilisha yaliyokwisha kusimuliwa, jambo ambalo mashabiki huliita retikoni. Katika toleo la 137 la mwaka 1980, Jean Grey, mmoja wa X-Men, aliyekuwa amelewa nguvu za Phoenix, kiumbe cha angani, na kuangamiza sayari yenye viumbe bilioni tano, anajiua mwezini mbele ya mpenzi wake Scott. Mwisho uliopangwa kwanza ulikuwa anyang'anywe nguvu tu. Mhariri mkuu Jim Shooter ndiye aliyekataa kosa kubwa hivyo lipite bila adhabu nzito. Mwaka 1986 Marvel ikamtaka Jean arudi, na ikaelezwa kwamba aliyekufa mwezini hakuwa yeye bali Phoenix iliyojivika sura yake, Jean mwenyewe akiwa amelala ndani ya kifuko chini ya maji ya Jamaica Bay, New York. Kumbe Scott alikuwa ameshaoa mwanamke anayefanana naye, Madelyne Pryor, na ana mtoto. Ikabidi miaka michache baadaye Madelyne naye aelezwe kuwa ni nakala ya Jean iliyotengenezwa na adui. Rekebisho moja lilizaa jingine, na aliyelipia ni Madelyne, ambaye hakuwa na kosa. Hata hivyo toleo la 137 halikufutwa. Ukilisoma leo ukurasa ule wa mwezini bado unauma, na hakuna anayekulazimisha ukumbuke kifuko.

Kwa hiyo anayeanza asihesabu matoleo, ahesabu zamu, yaani kipindi ambacho mwandishi mmoja ameshika kalamu. Asidanganywe na namba 1 kwenye jalada, kwa kuwa majarida yaitwayo X-Men yalianza upya na namba hiyo mwaka 1991, 2010, 2013, 2019, 2021 na 2024, na hakuna hata moja kati ya hayo lililoanza hadithi tangu mwanzo. Zamu ya Claremont ilidumu miaka kumi na sita, hadi 1991. Ya Grant Morrison ilianza 2001 na kumalizika 2004. Jonathan Hickman mwaka 2019 aliweka msingi mpya kwa matoleo kumi na mawili tu, sita ya House of X na sita ya Powers of X, na zote hizi zimekusanywa katika vitabu.

Mimi ningeshauri Giant-Size X-Men. Kinaanza usiku katika kijiji cha Ujerumani, watu wenye mienge wakimkimbiza kijana mwenye mkia na ngozi ya samawati. Kisha tunapelekwa Kanada, Kenya, Japani, Siberia, na kila pahali Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, anamkuta mtu na kumwomba ajiunge na kundi.